Ngazi Tatu Zisimfungie Mtoto Nje ya Darasa

Vijana wenzangu, hebu leo tuzungumze kuhusu kitu ambacho wengi wetu tulikikanyaga kila siku ya shule bila kukitilia maanani: ngazi.

Ichukue ile shule kongwe ya mtaani kwenu, iwe iko Mji wa Kale Mombasa, Malindi, Lamu ama Kwale. Nyingi ya hizi zilijengwa kabla ya uhuru ama muda mfupi baadaye. Msingi uko juu, manake wajenzi walikuwa wanakimbia maji ya mvua na unyevu. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Maktaba iko ghorofani, na kufika huko ni ngazi nyembamba isiyo na pa kushika. Vyoo viko mwisho wa uwanja, mlango mwembamba, na mbele yake kuna mtaro wazi. Ni jengo zuri, na limetusomesha sisi na wazee wetu. Lakini lilipokuwa linajengwa, hakuna aliyemfikiria mtoto anayetembea kwa magongo ama anayetumia kiti cha magurudumu.

Na tukumbuke, enzi za mkoloni shule zenyewe ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika. Mgawanyiko huo ulipigwa vita mpaka ukaondoka. Malango yakafunguliwa. Mtoto mwenye ulemavu ndiye bado yuko nje anangoja, na wala hakuna askari aliyemzuia. Ni ngazi tatu za simiti tu.

Tuseme ukweli kuhusu kinachofanyika. Mtoto anabebwa. Akiwa na miaka 7 mamake anambeba mgongoni, anampandisha ghorofani, anarudi saa ya chakula, anarudi tena jioni. Watu wanasema mashallah, mama huyu ana moyo. Haya, sasa mtoto ni msichana na amefika miaka 13. Nani atambeba? Mamake mgongo umeshachoka. Wavulana wa darasa lake? Mwalimu wa kiume? Yeye mwenyewe hataki, na ana haki ya kutotaka. Asubuhi anaondoka nyumbani bila kunywa hata kikombe cha maji, kwa sababu anajua chooni haingii. Anakaa na kiu hadi saa kumi kwenye joto letu hili la Pwani. Muhula mmoja, miwili, halafu haonekani tena. Kwenye rejista ataandikwa kwamba ameacha shule. Hakuna mahali patakapoandikwa kwamba ni ngazi zilizomtoa.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tunaopanda mbili mbili tukikimbilia kengele, tunaona ni jambo dogo.

Sasa ukienda kuuliza, utapewa majibu manne. Wacha niyapitie moja moja, manake utakutana nayo na inafaa uwe na la kusema.

Jibu la kwanza: "Shule yetu haina mwanafunzi kama huyo." Ndiyo, hana. Angeingiaje? Hilo ni sawa na mwenye duka aliyefunga mlango halafu akasema mtaa huu hauna wateja. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu laki tisa wenye ulemavu nchini Kenya, na tatizo lililotajwa na wengi zaidi lilikuwa la kutembea. Watu hawa hawaishi mwezini. Wako mitaani mwetu, wengine wako ndani ya nyumba wamefichwa, na shule isipowaona haina maana hawapo. Tena ulemavu si wa kuzaliwa nao peke yake. Mtoto anayesoma leo gredi ya tano akikimbia vizuri, kesho anaweza kugongwa na bodaboda. Atarudi kwenye shule ile ile na ngazi zile zile.

Jibu la pili: "Pesa hakuna." Hapa inabidi tuongee hesabu, si hisia. Rampu nzuri inafuata kipimo kimoja kinachotumika sana duniani: kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja ni sentimita 45 za kupanda. Zidisha mara 12, unapata mita 5 na nusu hivi. Upana usipungue sentimita 90, na ukifika 120 ni bora zaidi. Weka vyuma vya kushika pande zote mbili, ukingo mdogo pembeni ili gurudumu lisitoke, sakafu ya kukwaruza ili mvua isiteleze watu, na juu na chini pawe na sehemu tambarare ya kiti kugeuka. Hiyo ni kazi ya fundi na vibarua wake kwa siku chache: kokoto, mchanga, simiti na vyuma. Shule nyingi hutumia pesa za aina hiyo kupaka rangi lango na kuandika jina la mfadhili.

Na hapo niseme jambo. Kuna rampu za kweli na kuna rampu za picha. Utaona mheshimiwa amekuja, amekata utepe, watu wamepiga makofi, na rampu yenyewe imesimama wima kama ngazi ya kupandia dafu. Mtoto akijaribu kuipanda peke yake kiti kinarudi kinyumenyume. Akiteremka anarushwa mbele. Rampu ya namna hiyo ni hatari kuliko ngazi, kwa sababu ngazi haikudanganyi. Kwa hivyo msikubali tu neno "tumeweka rampu". Chukueni futi ya fundi mpime.

Jibu la tatu: "Hili jengo ni la urithi, haliguswi." Hili lina ukweli ndani yake, na tusilipuuze. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006 inalinda majengo yaliyotangazwa rasmi. Huwezi tu kuja na nyundo ukabomoa ukuta wa matumbawe kupanua mlango. Ukuta ule ndio umebeba boriti za juu, na ukikosea paa linakuja chini. Lakini kulinda jengo hakumaanishi kulifungia watu. Wataalamu wa majengo ya kale wanafuata kanuni nyepesi: ongeza kitu ambacho kinaweza kuondolewa baadaye bila kuacha jeraha. Rampu ya mbao ama ya chuma, iliyokaa juu ya sakafu bila kuchimba ukuta, inatimiza kanuni hiyo. Mlango wa nyuma ulio chini unaweza kufanywa mlango wa wote. Na palipo na shaka, wahusika wa makavazi waitwe waje waseme kinachowezekana. Tusilifanye neno "urithi" kuwa kufuli. Urithi wa shule ni watoto wanaosoma ndani yake.

Jibu la nne, na hili ndilo linalotolewa kwa upole zaidi: "Si apelekwe shule maalum?" Shule maalum tunazihitaji. Shule kama ile ya Port Reitz kule Mombasa zimewainua watoto wengi, na wapo watoto ambao huko ndiko watapata walimu na vifaa vinavyowafaa. Lakini hebu mfikirie mtoto wa kisiwani Lamu ambaye akili yake iko sawa, macho yako sawa, mikono iko sawa, na kinachomzuia ni ngazi tatu. Mnataka avuke kwa boti hadi Mokowe, apande basi, aende akalale mbali na mamake akiwa na miaka 8, kwa sababu sisi tumeshindwa kumwaga simiti? Hiyo si huduma maalum. Huko ni kumhamisha mtoto ili jengo lisisumbuliwe.

Tena hii si hisani. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na utu, kupata masomo katika taasisi zilizo pamoja na jamii, na kufika kwa njia inayofaa mahali pote. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na neno ni "kila", si "kila anayeweza kupanda ngazi". Kenya pia iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008. Hata kabla ya hapo, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka 5 kuyarekebisha. Hesabu unavyotaka kuhesabu, miaka hiyo 5 ilishapita zamani. Mwaka 2025 ikaja sheria mpya kuchukua nafasi ya ile. Karatasi tuko nazo za kutosha. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama mbele ya lile jengo na kuuliza, "Lini?"

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nini kifanyike kwanza?

Cha kwanza hakihitaji simiti hata kidogo. Ni ratiba. Darasa la mtoto asiyeweza kupanda lihamishwe chini, yeye na wenzake wote, si yeye peke yake awekwe kwenye kona ya stoo. Mwalimu ana miguu, atashuka. Jengo la ghorofa la zamani halitapata lifti kesho, na hatuwezi kungoja lifti miaka 20. Maktaba ikiwa juu, kabati moja la vitabu lishushwe. Maabara ikiwa juu, meza moja ya majaribio iwekwe chini siku ya kipindi. Hili mwalimu mkuu anaweza kulifanya Jumatatu asubuhi.

La pili ni choo. Nalitaja kabla ya rampu kwa makusudi. Mtoto anaweza kusaidiwa kuvuka ngazi tatu, lakini hakuna njia ya heshima ya kusaidiwa chooni na wanafunzi wenzake. Chumba kimoja kinatosha kuanzia: mlango unaofunguka kwa nje wenye upana wa sentimita 80 hadi 90, nafasi ya mita 1 na nusu ndani ili kiti kigeuke, vyuma vya kushika ukutani, kiti cha kukalia badala ya shimo la kuchuchumaa, maji karibu, na komeo linalofungwa kwa ndani. Na kisifanywe stoo ya mafagio. Hili linagharimu, sikatai. Lakini hakuna pesa za shule zilizo na kazi bora kuliko hii.

La tatu ni njia: rampu niliyoieleza, mtaro ufunikwe, mashimo ya uwanjani yajazwe, njia ya kutoka langoni hadi darasani na chooni iwe ngumu na tambarare ili gurudumu lisizame mchangani.

Na ulemavu si miguu peke yake. Piga rangi ya manjano kwenye ukingo wa kila ngazi, asiyeona vizuri atajua inaanzia wapi. Weka pa kushika. Mtoto kiziwi hasikii kengele. Taa ama bendera inamtosha, na siku ya moto inaweza kumwokoa. Mtoto mwenye ualbino anahitaji kivuli uwanjani na kiti cha mbele darasani, mbali na dirisha la jua kali. Hivi ni vitu vya bei ya rangi na balbu.

Lakini kabla ya kununua chochote, waulizwe wenyewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Zungukeni shule nzima pamoja na mtoto anayetumia kiti, mzee asiyeona, mama anayetembea kwa gongo. Watawaonyesha kwa nusu saa mambo ambayo kamati ingeyajadili mwaka mzima bila kuyaona.

Kwani nani atafaidika? Utashangaa. Mwalimu mjamzito. Kijana aliyevunjika mguu kwenye mpira. Babu aliyekuja mkutano wa wazazi akaishia kukaa chini ya mwembe kwa sababu mkutano uko ghorofani. Na wewe, kumbuka hizi shule ndizo vituo vyetu vya kupigia kura. Uchaguzi uliopita mmeona wazee wakibebwa juu juu kama magunia wapelekwe kwenye debe. Mtu mzima, mwenye kitambulisho na mwenye haki, anabebwa mbele za watu. 2027 haiko mbali. Rampu ya shule ni rampu ya kura pia.

Na kwa kuwa tunazungumzia majengo ya kale ya kusomea, tusinyooshee serikali kidole tukajisahau. Madrasa zetu ngapi ziko ghorofa ya pili juu ya maduka, ngazi za giza, vyoo vya chini vyenye kizingiti cha magoti? Hapo hakuna wizara ya kulaumiwa. Kuna kamati, na kwenye kamati kuna babako, mjomba wako, jirani yako. Kisa cha Abdullah bin Umm Maktum kila mmoja wetu alifundishwa akiwa mdogo, sitakirudia. Nauliza tu: leo hii angekuja kwenye madrasa yenu, angefika darasani?

Haya, utaanzia wapi? Usiandike tu "inasikitisha" halafu ukapita.

Tafuteni watu wanne watano, muende shule mliyosoma. Ombeni ruhusa kwa mwalimu mkuu, msiende kwa vita. Walimu wengi wanataka haya mabadiliko kuliko sisi, hawana tu wa kuwasukumia. Pimeni ngazi, milango na vyoo. Pigeni picha za majengo, si za watoto. Mtoto mwenye ulemavu si bango la kuombea pesa.

Andikeni barua kwa bodi ya usimamizi ya shule, ukurasa mmoja, yenye vipimo na mambo matatu mnayoyaomba kwa mpangilio. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka ndani ya bodi hiyo awemo mtu anayewakilisha wenye mahitaji maalum. Ulizeni ni nani. Pengine kiti hicho kiko wazi, ama amekaliwa na mtu asiyejua kwa nini yuko hapo.

Jueni mlango wa kubisha, msije mkazungushwa. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali kuu. Chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti. Kwa hivyo darasa la chekechea likiwa ndani ya uwanja huo huo, hilo mpelekee MCA wako na mlitaje kaunti inapoita wananchi kutoa maoni ya bajeti. Madarasa mengi yamejengwa kwa pesa za NG-CDF. Basi kamati ya eneo bunge lenu iulizwe, je, kwenye kila mchoro mpya rampu na choo vimo? Ni rahisi mno kuviweka wakati wa kujenga kuliko kuja kubomoa baadaye. Tumekuwa tukijenga madarasa mapya kwa makosa ya mwaka 1950, na hilo halina kisingizio cha ukongwe.

Mkitaka kujua pesa za ukarabati zilikwenda wapi, ulizeni kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya habari, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Andikeni tarehe, wekeni nakala. Siku 21 zikipita kimya, peleka malalamiko kwenye ofisi ya Ombudsman.

Na mzazi mwenye mtoto aliyefungiwa nyumbani mwambieni kuna vituo vya serikali vya kumtathmini mtoto na kumwelekeza shule inayomfaa. Wengi hawajui. Wengine wanaona aibu. Mfuateni nyumbani, mketi naye, mwende naye siku hiyo. Hilo halihitaji barua wala bajeti, linahitaji nauli ya tuktuk na subira.

Mtaambiwa mngoje. Mtaambiwa kuna mambo makubwa zaidi: walimu hawatoshi, madawati hayatoshi, paa linavuja. Yote ni kweli. Lakini mtoto aliye ndani anayekosa dawati bado anasoma akiwa amekaa chini. Huyu wa nje hata hiyo sakafu hajaifikia. Na utoto wake haungoji mwaka mwingine wa fedha. Akikaa nyumbani miaka mitatu tukijadili, hiyo miaka mitatu hakuna atakayemrudishia.

Basi wiki hii, shule moja, futi moja, barua moja. Mkishapima, tuandikieni hapa: shule iko wapi, ngazi ni ngapi, mlango una sentimita ngapi, na mmejibiwa nini. Tutafuatilia pamoja, inshallah, mpaka kila mtoto aingie kwa mlango wa mbele pamoja na wenzake.